Mrejesho: Chuma cha kuvutia tela kwenye Land Cruiser V8

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama fundi achomelee chuma cha kuvutia tela kwenye Land Cruiser 200 yangu, ili nisombe parachichi kutoka Tukuyu hadi Uyole, Mbeya, nanyi mkanionya nisiruhusu chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) iguswe na moto. Nilisikia. Nimenunua cha kufunga kwa bolti, chenye kichwa cha mviringo cha kushikia tela, cha milimita 50, nacho kimekaa kwenye matundu ya kiwandani bila kutoboa jingine hata moja.

Kilichotusumbua ni umeme. Fundi wa kwanza, hapa Mwanjelwa, aliunga taa za tela moja kwa moja kwenye nyaya za taa za nyuma, fyuzi ikaungua mara mbili kabla hatujafika hata Igawilo. Wa pili alizifungua zote, akaweka kisanduku cha kuwashia taa za tela, kinachochukua umeme wake kutoka kwenye betri, na tangu hapo kumetulia. Gari linaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, lakini tela lisilo na breki lisizidi 750, na langu halina, kwa hiyo nimepunguza kreti (shamba halikufurahi). Mteremko wa kuingilia Uyole naushuka kwa gia nzito.