Vita Kuu ya Kwanza: tuandike iliisha 11 au 25 Novemba 1918?

Mwambao_Lindi
Wakuu, habari za jioni. Hapa Lindi tunaandaa bango la shule kuhusu mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917. Mwenzangu kaandika vita viliisha 11 Novemba 1918. Mimi nasema 25, maana ndiyo siku aliyosalimu amri Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Kitabu kingine kinasema 1919, kingine 1920. Tushike lipi?

Ruvuma_Chini
Mkuu, hamjakosea, ila kila mmoja kashika hatua yake.

Tarehe 11 ni kusitisha mapigano. Hati ilisainiwa Compiègne, Ufaransa, saa 11 alfajiri na dakika kadhaa, ikaanza kazi saa 5 asubuhi. Ilikuwa ya siku 36 tu, ikaongezwa mara tatu. Kisheria vita vilikuwa bado vipo: meli za Waingereza ziliendelea kuizuia Ujerumani isipate shehena hadi Julai 1919.

Katika hati hiyo, kifungu kinachohusu huku kwetu ni cha 17. Washirika (Uingereza, Ufaransa na wenzao) walitaka majeshi ya Ujerumani ya Afrika Mashariki yasalimu amri bila masharti, Wajerumani wakabishana hadi ikaandikwa yaondoke tu. Lettow-Vorbeck alikuwa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), mbali na simu ya upepo yoyote. Habari ilimfikia tarehe 13, baada ya watu wake kumkamata tarishi wa Kiingereza mwenye ujumbe. Alikabidhi silaha Abercorn (Mbala ya leo) tarehe 25, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, wapagazi mbali. Siku hiyo ulitimia mwaka kamili tangu avuke Ruvuma pale Ngomano.

Kwa bango la Lindi ningeandika zote mbili, na kila tarehe niiseme ni ya nini.

Karani_Mikindani
Naongezea ya 1919 na 1920. Mkataba wa Versailles, ule wa amani kati ya Washirika na Ujerumani, ulisainiwa 28 Juni 1919, lakini saini peke yake haitoshi. Lazima nchi iuridhie, kisha hati za kuridhia ziwekwe Paris. Sharti la mkataba kuanza kazi lilikuwa Ujerumani pamoja na mataifa makubwa matatu ya Washirika wauridhie, na hilo likatimia 10 Januari 1920. Marekani ilikwama hapo: Seneti iligoma. Ikabidi Bunge lao lipitishe azimio la kumaliza hali ya vita Julai 1921, halafu wafunge mkataba wao wenyewe na Ujerumani huko Berlin mwezi Agosti.

Kingine ambacho watu hawakiangalii ni nani kasaini. Mwaka 1918 ujumbe wa Ujerumani uliongozwa na raia, Matthias Erzberger. Majenerali wakubwa wakakaa pembeni, baadaye wakadai jeshi halikushindwa bali lilisalitiwa na wanasiasa. Erzberger aliuawa 1921. Mwaka 1945, mwisho wa Vita Kuu ya Pili, Washirika hawakutaka mchezo huo: hati ya Ujerumani kusalimu amri, ile ya Berlin, ilisainiwa na Jemadari Keitel na wakuu wa jeshi la majini na la anga. Hapo Jenerali Jodl alikuwa ameshasaini Reims, Ufaransa, tarehe 7 Mei, Wasovieti wakaikataa shughuli ile, ikarudiwa.

Mwambao_Lindi
Shukrani. Sasa kati ya 1918 na 1922 Lindi ilikuwa ya nani?

Karani_Mikindani
Mwingereza aliitawala kama mtu aliyeiteka. Kifungu cha 119 cha Versailles kiliiondoa Ujerumani, lakini koloni likawa la mataifa makubwa ya Washirika kwa pamoja, si la Uingereza. Hati ya udhamini ya Shirikisho la Mataifa, iliyompa Mwingereza kazi ya kulisimamia koloni, ikaja 20 Julai 1922. Kionga, kile kipande cha kusini ya mdomo wa Ruvuma, hakikuwemo. Alipewa Mreno, ndiyo maana leo kiko Msumbiji.

Kusini_Moja
Msidhani kila vita vina mkataba. Korea wana hati ya kusitisha mapigano ya 27 Julai 1953 hadi leo, na Korea Kusini haikuisaini. Vita vyetu na Idi Amin navyo havikuwa na mkataba, kwa sababu serikali ya kusaini nayo ilishaanguka, Kampala ikachukuliwa 11 Aprili 1979.

Msumbiji ni kinyume chake. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa na kambi Nachingwea, walisaini na Ureno mjini Lusaka 7 Septemba 1974. Hati moja ikabeba yote: mapigano kukoma saa 6 usiku huohuo, serikali ya mpito, tume ya pamoja ya kijeshi ya kusimamia, na siku ya uhuru, 25 Juni 1975.