Mrejesho: tableti ya dukani, ina faida au ni fasheni tu?

Assalamu aleikum. Niliuliza kama tableti, ile kompyuta bapa ya kugusa kioo, itanifaa katika duka langu la leso hapa Biashara Street, Mombasa, au ni kelele tu zilizoanza na iPad mwaka 2010. Wengi mlinambia simu yatosha. Shukrani kwa kila aliyejibu.

Niliinunua, ya inchi 10, na kwa kuuza leso naitetea kwa moyo wote. Mteja akiuliza mtindo ambao uko stoo, namfungulia picha. Anaikuza kwa vidole mpaka aone pindo, mji (pale katikati ya leso), na jina, yale maneno yaliyoandikwa, lisomeke herufi kwa herufi. Kwenye simu, kina mama wazima walikuwa wanakunja macho kisha wananirudishia. Sasa wanakaa kwenye mkeka wanachagua wenyewe, wanabishana majina, na gora halifunguliwi bure. Hilo tu lanitosha kusema si fasheni.

Lakini hesabu za mwezi, hapana. Kuandika jedwali refu kwa kupapasa kioo ni adhabu, na mwenye kazi ya kuandika namshauri anunue laptopu. Barazani juani nako kioo chang'aa, huoni kitu.

Jioni mama huichukua kusomea Kurani, herufi kubwa atakavyo, bila miwani. Nilikuwa sikulifikiria hili, nami limenifurahisha kuliko mauzo.

Sasa natafuta kava imara. Mwenye kujua duka zuri upande wa Mwembe Tayari anielekeze.