Kuacha chaki Lubumbashi: kutoka darasani kwenda kwenye makaratasi ya mizigo

Kutoka: Mwalimu wa Kiingereza, Bel Air

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nauliza kwa niaba ya walimu watatu wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Lubumbashi, sote tumevuka miaka 45, tuko shule binafsi, mikataba ina miaka kumi na zaidi. Kampuni za kutoa mizigo forodhani hapa mjini zinatafuta watu wanaojua Kiingereza na Kiswahili kwa sababu mzigo mwingi unatoka Dar. Mtu aanze na nini: barua ya kuacha kazi, kibali, au kozi? Na ukishakaa mezani, kazi yenyewe ni ipi hasa? Tunaomba hatua, siyo kutiwa moyo tu.

Kutoka: Dada wa ofisi ya wafanyakazi, Makomeno

Habari mwalimu. Anza na kibali. Barua ije mwisho.

Kadi ya kazi ya mgeni (carte de travail) huombwa na mwajiri, na imefungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Ukitoka shuleni, kadi haikufuati. Visa yako ya kukaa nchini, ile ya DGM (idara ya uhamiaji), nayo imesimama juu ya kazi hiyohiyo. Wapo wanaodhani kwamba Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kumefuta kadi. Haikufutwa. Kwa hiyo mpangilio ni huu: mwajiri mpya akupe ahadi kwa maandishi, apeleke dosie yako (jalada la maombi), upewe karatasi ya kuonyesha kuwa dosie imepokelewa, ndipo uandike barua shuleni. Anayeanza na barua hujikuta hana kazi na hana kibali, na wa kumwombea kibali kipya hayupo.

Muda wa notisi uko kwenye Sheria ya Kazi namba 015/2002, kifungu cha 64. Mwajiri akikuachisha, anakupa siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumikia. Ukiacha mwenyewe, unatoa nusu ya hizo. Mwalimu wa miaka 12: 7 mara 12 ni 84, jumlisha 14 ni 98, nusu yake 49. Hizo ni siku za kazi, siyo za kalenda, kwa hiyo ukihesabu wiki ya siku sita na kuondoa sikukuu kama 1 Mei na 30 Juni, ni karibu miezi miwili. Mwaka wa shule huku unaisha mwanzoni mwa Julai. Barua ya mwishoni mwa Aprili inakutoa pamoja na wanafunzi, na mkuu wa shule hapati sababu ya kusema umelitelekeza darasa la mtihani. Hesabu huanza kesho yake baada ya kupokelewa, basi nenda na nakala mbili, ya kwako isainiwe, ipigwe muhuri na iandikwe tarehe hapohapo.

Usiondoke bila cheti cha utumishi, hesabu ya mwisho ya malipo, na namba yako ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hati za kabla ya 2018 zinaandika INSS. Ni mfuko uleule kabla haujabadilishwa jina, msizitupe.

Halafu kuna majina. Fomu za Kongo zina nafasi tatu: nom (jina la ukoo), postnom (jina la pili), prénom (jina la kupewa). Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu, na kila karani huyapanga anavyoona. Kwenye kadi ya kazi jina la baba liko kwenye postnom, kwenye CNSS liko kwenye nom, na kompyuta inaona watu wawili. Chagua mpangilio mmoja ulio kama wa pasipoti, uandike kwenye karatasi, umpe karani anakili. Kosa hilo ukiligundua kabla hujasaini linasahihishwa kwa kalamu. Baada ya hapo ni barua na foleni.

Na kwa wanaotaka kufungua duka badala ya kuajiriwa: biashara ndogondogo imetengwa kwa raia wa Kongo tangu sheria ya biashara ya Januari 1973. Kuweka duka kwa jina la jirani siyo njia. Siku mkikosana, duka ni lake.

Kutoka: Deklaran, njia ya Kasumbalesa

Mwalimu, nijibu la pili, kazi ni ipi.

Huku anayeandaa tamko la forodha anaitwa deklaran. Tamko haliwasilishwi na mtu yeyote tu. Linapitia kwa wakala aliyeidhinishwa na DGDA (mamlaka ya forodha ya Kongo), ndani ya SYDONIA World, mfumo wa kompyuta wa forodha. Ndiyo maana mnaingia kama waajiriwa wa wakala, hamjitegemei. Na mtaanzia meza ya kukagua hati huku mpakani, kabla ya mtu kuwapa neno la siri la mfumo.

Mzigo unatoka Dar, unapita Tunduma na Nakonde, unakatiza Zambia hadi Chililabombwe, unaingia Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka hapa Lubumbashi. Njia nzima ni kama kilomita 2,000 na forodha za nchi tatu. Gari halikwami kwa sababu ya barabara peke yake. Linakwama kwa sababu karatasi mbili hazisemi kitu kimoja. Kazi yenu ni kuziweka hati zote mezani kwa pamoja: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, tamko la uagizaji lililofunguliwa benki, na FERI (fomu ya taarifa za mzigo unaoagizwa) ya OGEFREM, ofisi ya serikali inayosimamia usafirishaji wa mizigo. FERI huombwa mzigo ukiwa bado unakotoka. Kuikumbuka gari likiwa limeshafika mpakani ni faini. Mnasoma jina la mpokeaji, idadi ya vifurushi, uzito wa jumla na uzito halisi, namba ya kontena, namba ya sili (lakiri ya kufungia kontena). Herufi moja ikipishana, mnaandika barua pepe Dar kabla gari halijaondoka.

Walimu wa hesabu wataipenda namba ya kontena. Ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho ni ya kujihakiki. Chukua CSQU 305438 3. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, unaendelea hivyo huku ukiruka 11, 22 na 33. C inakuwa 13, S 30, Q 28, U 32. Zidisha cha kwanza kwa 1, cha pili kwa 2, cha tatu kwa 4, na kuendelea kwa kurudufu hadi cha kumi kwa 512. Jumla ni 6,185. Gawanya kwa 11, baki ni 3, na tarakimu ya mwisho ni 3: namba iko sawa. (Baki ikiwa 10, huandikwa 0.) Wekeni fomula hiyo kwenye lahajedwali. Karani aliyegeuza 38 kuwa 83 anaonekana kwa sekunde moja, na kosa hilo kwa macho huwezi kuliona saa kumi jioni.

Kinachofuata ni kuainisha bidhaa, na hapa ndipo wageni wengi huanguka. Chukua chaki, ambayo mnaijua kuliko mtu yeyote. Kwenye kitabu cha ushuru kuna chaki sura ya 25, namba 2509. Hiyo ni chaki asilia, jiwe kutoka ardhini. Chaki ya ubaoni iko sura ya 96, namba 9609, pamoja na penseli. Ubao wenyewe ni 9610, madaftari 4820. Anayetafuta neno "chaki" na kuchukua la kwanza atakalolikuta ameshakosea. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, zinazofuata ni za Kongo. Msikubali tu namba aliyoweka muuzaji kwenye ankara. Aliiweka kwa ajili ya nchi yake.

Hesabu ya kodi, kwa mfano wa kujifunzia: bidhaa dola 17,500, usafiri 2,300, bima 200, jumla 20,000. Hiyo ndiyo thamani ya CIF (bidhaa, bima na usafiri). Ushuru wa 10% ni 2,000. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% hupigwa juu ya 22,000, siyo juu ya 20,000, kwa hiyo ni 3,520. Ukisahau kuongeza ushuru kwanza utamwambia mteja 3,200, na zile 320 atakudai wewe. Ada za taasisi nyingine, OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa) ikiwemo, ziko nje ya hesabu hii. Zitenge kwenye mstari wake.

Kutoka: Mzee wa Kamalondo

Yaliyosemwa ni sahihi. Naongeza mawili.

La kwanza ni ada za watoto. Shule nyingi binafsi humpa mwalimu punguzo, au humsomeshea mtoto bure. Siku unayoondoka, punguzo linaondoka. Msilinganishe mshahara kwa mshahara. Chukueni mshahara mpya, toeni ada kamili za watoto wote, toeni nauli ya kila siku kama ofisi iko nje ya mji, ndipo mlinganishe. Kwa mwenye watoto watatu, mshahara unaoonekana mkubwa unaweza kuwa mdogo kuliko wa chaki.

La pili ni saini. Mteja atakuja na ankara mbili, ya kweli na ya kupunguza kodi, na atasema kila mtu anafanya hivyo. Msiiguse. Mgeni mwenye kadi ya kazi ana cha kupoteza zaidi kuliko mwenyeji: ikigundulika, unapoteza kazi na kadi kwa pamoja. Muulizeni mwajiri swali hili siku ya mahojiano: mteja akitaka thamani ishushwe, nani anamjibu? Akisitasita, tafuteni ofisi nyingine. Na kila hati mnayoikagua, bakini na nakala yenye tarehe.

Sikubaliani na kijana wa Kasumbalesa kwa jambo moja tu. Kwa umri wetu, msikubali kupangwa mpakani. Kule ni kusimama juani, kukesha, na kurudi nyumbani mara mojamoja. Ombeni meza ya Lubumbashi, ya kukagua hati na kufuatilia magari.

Kutoka: Mwalimu wa Kiingereza, Bel Air

Asanteni sana, Mungu awabariki. Limebaki moja: Kifaransa kiasi gani? Wawili kati yetu wanaelewa cha sokoni tu.

Kutoka: Deklaran, njia ya Kasumbalesa

Mzee, la mpakani nakubali, umeshinda.

Mwalimu, kuongea kutakuja polepole. Cha kwanza ni kusoma, na maneno ya hati hayazidi mia moja: expéditeur (mtumaji), destinataire (mpokeaji), colis (vifurushi), poids brut (uzito wa jumla), poids net (uzito halisi), plomb (sili), bulletin de liquidation (hati ya kodi inayodaiwa), quittance (risiti ya malipo). Yaandikeni kwenye kadi kama mnavyowafanyia watoto. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, hapa mjini wana mafunzo ya ufundi na ya ofisi. Nendeni mkaulize ratiba wenyewe.

Kuweni waangalifu na tarakimu kuliko maneno. Hati ya Kifaransa ikiandika 1.250,00 inamaanisha elfu moja mia mbili hamsini. Nukta inatenga maelfu, mkato unatenga desimali, kinyume cha tulivyozoea Tanzania. Lahajedwali yenye mpangilio wa Kiingereza itaisoma 1.250 kuwa moja na robo, na tani moja na ushee inageuka kilo moja. Badilisheni mpangilio wa kompyuta siku ya kwanza kabisa.

Kwenye simu pia: Kongo wanasema septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama Wabelgiji. Aliyejifunza Kifaransa Dar alifundishwa soixante-dix na quatre-vingt-dix, naye akisikia "nonante-sept" (97) huandika namba ya sili isiyokuwepo. Mwambieni anayesoma arudie tarakimu mojamoja.

Na saa. Dar iko mbele yetu kwa saa moja. Ofisi ya kule inayofunga saa 11 jioni, kwetu inafunga saa 10. Marekebisho ya hati yatumwe kabla ya saa 8 mchana wa Lubumbashi, hasa Ijumaa, la sivyo gari linalala hadi Jumatatu na siku hizo mwenye gari anazidai.