Great Dane wa miezi 5, tukitoka nje hanioni tena, nifanyeje?

mlezi_wa_Bosi:
Habari zenu wadau. Naomba msaada maana naona kabisa kuna mahali nakosea ila sijui ni wapi. Nina mbwa dume aina ya Great Dane, katimiza miezi 5 juzi, kwenye mzani alisoma kilo 29. Ndani ya nyumba ni mtoto mzuri sana, kaa anakaa, lala analala, mkono anatoa. Tukishatoka nje tu sio yeye tena, pua iko chini, jani likipeperuka kichwa kinageuka, mtu akikohoa kule mbali ndo basi tena, naita Bosi Bosi Bosi weee hata sikio halitikisiki. Ikifika kama dakika ya kumi anaanza kuing'ata kamba na kuivuta kwa nguvu zote, baadae ananirukia, na kwa uzito ule si mchezo, wiki iliyopita kamwangusha mke wangu.

Ratiba yangu ni mara moja kwa siku, jioni nikitoka kazini, dakika 40 mpaka saa nzima, sijaruka hata siku moja. Zawadi natumia punje za chakula chake cha kawaida. Kuna jamaa anafuga siku nyingi kaniambia nimvalishe ule mnyororo unaokaza shingo, anasema usipomuwahi sa hivi akifika kilo 60 hashikiki. Nampenda huyu mbwa na sitaki kumharibu. Wenye mbwa wa aina kubwa mlipitaje hapa?

roti_wawili:
Pole kaka, na hongera kwa kutoruka siku. Mi tatizo nimeliona kwenye hizo dakika 40. Miezi 5 huyo ni mtoto kabisa, mwili ndo unatudanganya, angekua mbwa wa kilo 4 mwenye umri uleule wala usingemdai umakini wa saa nzima. Nina Rottweiler wawili, wa kwanza nilimpeleka hivyohivyo, alikua anajilaza katikati ya zoezi mi nasema kaidi huyu, kumbe akili imechoka. Wa pili nikabadilisha, dakika 3, zikizidi sana 5, ila mara nne au tano kwa siku, asubuhi kabla sijamwekea bakuli, kabla ya kufungua mlango, nikirudi kazini, usiku kabla ya kulala. Na unaacha akiwa bado anataka. Hapo ndo pagumu kwa sisi watu wazima maana akifanya vizuri mara tatu mkono unawasha unataka ya nne, ya nne anaharibu, mnamaliza wote mmekasirika.

Hiyo kung'ata kamba dakika ya kumi mi naisoma hivi, ameshakwambia amechoka na hujamsikia. Wa umri huo siku nzima sehemu kubwa anatakiwa awe amelala, ukimtoa hajalala vizuri utapata hayohayo meno.

Na jina usimwite mara tatu. Ita mara moja, asipogeuka piga mluzi mdogo, rudi nyuma hatua mbili tatu kwa haraka, atakufuata mwenyewe, akifika mpe. Ukirudiarudia jina linakua kelele tu kama kelele nyingine za nje.

dada_wa_mastifu:
Naongezea upande wa mwili maana naona watu wengi hawautazami. Kati ya miezi 4 na 7 hivi anabadilisha meno, yale 28 ya utotoni yanang'oka yanaota 42 ya ukubwani. Mastiff wangu kipindi hicho alikua anachukua punje anaitema, nikajua hana hamu ya mafunzo, siku moja nikaona kidoa cha damu kwenye taulo analochezea ndo nikamfungua mdomo, fizi nyekundu, jino linaning'inia. Nikaanza kumlowekea na kumpa vitu laini, akarudi kuwa yuleyule. Kwahiyo huyo Bosi kamba anaweza kuwa anaing'ata kwa uchovu na kwa muwasho wa fizi, vyote pamoja. Mpe kitu cha kutafuna kabla hamjatoka.

Halafu angalia sakafu. Kumwambia kaa mara ishirini juu ya tailizi kwa mbwa mrefu vile ni mateso, miguu ya nyuma inateleza inaachana, anajikusanya tena, baada ya muda anaona bora asikae kabisa, na sisi tunasema amegoma. Weka kapeti au fanyia kwenye nyasi. Mifupa yake bado inakua, kwa hawa majitu inaweza kuchukua mwaka na nusu au hata miwili kukomaa, kwahiyo hakuna kumrusha vizuizi wala kumkimbiza kilomita. Mi zoezi la kuwa makini nilimfundisha akiwa amesimama, akinitazama usoni sekunde moja anapata, kesho mbili, basi. Ila ukiona anakwepa kukaa hata kwenye nyasi, au anakalia paja moja kila mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo akamuangalie nyonga, usisubiri.

mkono_mzito:
Mi natofautiana kidogo. Mnyororo nimeutumia miaka na mbwa wangu wanatembea pembeni yangu hawavuti. Mbwa mkubwa lazima ajue mapema, chakula chakula kila saa atakuja kukutii siku una chakula tu.

roti_wawili:
@mkono_mzito nakuelewa, hiyo hofu ya kilo 60 hata mi ninayo. Lakini kwa mtoto wa miezi 5 hapana. Shingo hiyo bado changa, na mbaya zaidi hajui maumivu yametoka wapi. Anamtazama mtoto anapita, shingo inabanwa, anamtazama mbwa mwingine, shingo inabanwa, baada ya miezi kadhaa una dume la kilo 60 linaloamini watoto na mbwa wengine ndo wanaoleta maumivu. Kuvuta mtafutie hanesi, ile mikanda ya kuvaa mwilini badala ya shingoni, yenye pete kifuani, akivuta inamgeuza upande wako. Na chakula unakipunguza taratibu akishashika, huachi ghafla.

pua_kwanza:
Mlezi wa Bosi, mbwa ameshinda ndani, halafu jioni unamfungulia dunia yote ya harufu na papo hapo unataka akutazame wewe mwenye punje alizokula mchana. Hizo punje ndani zinatosha, nje hazishindi. Chukua kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, kata vipande kama punje ya njegere, na upunguze kwenye chakula chake cha siku asinenepe, maana uzito wa ziada kwenye hivyo viungo ni hatari.

Ila kikubwa ni umbali. Usihame kutoka sebuleni hadi barabarani kwa mkupuo. Anza mlangoni mlango uko wazi, kisha uani, kisha getini, barabarani simama mbali na watu. Kipimo changu ni mdomo wake, akikataa kuku maana yake mmesogea karibu mno, rudi nyuma mpaka aweze kula. Na harufu usipigane nayo, ifanye mshahara. Bosi akikutazama hata kwa bahati, papo hapo mwambie neno moja fupi, mi natumia "safi!", halafu "haya nusa!" unamlegezea kamba anaenda kunusa anachokitaka. Hilo neno lazima litoke wakati jicho bado liko kwako, ukichelewa sekunde mbili umeshamsifu kwa kuangalia pikipiki.

mlezi_wa_Bosi:
Wadau nimerudi, wiki tatu zimepita. Dakika 4 asubuhi, 4 jioni, na vile vidogo vya mlangoni. Siku nne za mwanzo hatukutoka getini kabisa. Meno ni kweli, nimeokota mawili kwenye kapeti. Jana tumesimama nje mbwa mwingine akapita ng'ambo, Bosi akakaza mwili wote, masikio mbele, nikakaa kimya moyo unadunda, akamtazama yule mbwa, halafu akageuka akanitazama mimi. Sikumwita! Nikasema safi kwa sauti kubwa mpaka jirani akatoka. Kamba bado anaing'ata siku nikimzidisha. Kuruka ndo bado, hasa kwa mke wangu, na sasa mke wangu naye anataka kumfundisha ila anamuogopa kidogo.

dada_wa_mastifu:
Aisee nimefurahi sana!! Shemeji aanze ndani, wewe umeshika kamba ukiwa umesimama pembeni, yeye anakuja taratibu, miguu minne ikiwa chini anaweka kuku SAKAFUNI, sio mkononi juu, ili kichwa kishuke. Akiruka anageuka anaondoka kimya bila kumsukuma, kusukumwa kwake ni mchezo. Mara tano tu mnaacha. Na jiandaeni, kwenye miezi 8 au 9 balehe ikiingia atajifanya hajawahi kusikia neno njoo, mkifika hapo rudini uani na kuku wenu mkaanze tena.