Mjadala: "Mali ikishauzwa hairudishwi" inamlinda muuzaji au inamfukuza mteja?

Wadau, ingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Kabla hujasalimiwa, ukuta umeshakusemesha: "Usiegemee kioo." "Hakuna mkopo." "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Naanza na la mkopo, maana wengi hulilaumu bure. Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, anaishi mtaa mmoja na wateja wake, watoto wanasoma pamoja. Kumwambia jirani "sikukopeshi" uso kwa uso ni kuanzisha ugomvi, kwa hiyo anabandika "Kukopa harusi, kulipa matanga" na karatasi inasema kwa niaba yake. Na chini ya kaunta daftari la madeni lipo, kila mtu analijua. Mimi naona hiyo ni heshima.

Hilo la tatu ndilo silikubali hata kidogo.

Wauzaji wana hoja, nazisikia. Mteja anaunguza kifaa kwa umeme wake mbovu, kisha anarudi na kelele. Mwingine anarudisha gauni Jumatatu, harusi ilikuwa Jumamosi. Tena wanasema: si tulikujaribishia hapa hapa, taa ikawaka? Kweli iliwaka. Lakini chaja inayofanya kazi dakika moja kaunterini inaweza kufa usiku uleule, na mfanyabiashara aliyetoka Sumbawanga kuchukua mzigo wa jumla hawezi kufungua kila boksi.

Kubadili mawazo ni jambo moja, kuuziwa kitu kibovu ni jambo jingine kabisa. Tangazo lile linawaweka wote kapu moja: aliyevaa gauni akarudisha na mama aliyeuziwa pasi isiyopata moto. Mwaminifu anaadhibiwa kwa kosa la tapeli aliyepita jana.

Haki yenyewe ipo. Kenya imeiandika kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 46: bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Tanzania tuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na kumlinda mlaji ni kazi yake. Ila mtu akishasoma ule ukuta hata haulizi. Anakunja uso, anaenda kununua nyingine. Hapo ndipo tangazo linapofanya kazi yake, na ndiyo maana naliona baya kuliko muuzaji mkali: mkali utabishana naye, ukuta hubishani nao.

Dawa ya matapeli ipo pia. Stika ya duka kwenye kifaa, namba yake kwenye risiti, basi. Anayekuja na kitu cha duka jingine anajulikana papo hapo.

Sasa wenye maduka mliomo humu, nijibuni: mkiandika "Kibovu kinabadilishwa ndani ya siku 7, njoo na risiti", mtapoteza nini hasa? Nanyi wanunuzi, nani alishawahi kurudisha kitu kibovu akasikilizwa, na alisema nini mpaka wakakubali?