Kinamasi cha Poitou: tukae Coulon, Arçais au Damvix? (Au tuache, twende Amiens?)

Mtanga_wa_Créteil
Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa anatua mwezi wa sita kutoka Tanga. Ana miaka sabini na ushei, magoti yanamsumbua ila macho na mdomo viko vizima kabisa. Ameshasema mnara wa Eiffel atauona kwenye dirisha la basi, inatosha. Anachotaka ni maji na mashamba. Nimewaza Marais Poitevin, kile kinamasi cha Mto Sèvre Niortaise, magharibi mwa Ufaransa. Gari hatuna, na kuna watoto wawili wasiotulia. Nimebakiza vijiji vitatu: Coulon, Arçais na Damvix. Mke wangu anasema tujiepushie safari ndefu, twende Amiens. Wenye uzoefu mnasemaje? Na boti ni ya kuongozwa, au tukodi tupige kasia wenyewe?

kasia_mbili
Bila gari, Coulon. Treni ya kasi (TGV) kutoka stesheni ya Montparnasse, Paris, inafika mji wa Niort kwa saa mbili hivi, na mabasi ya Niort na vijiji vyake hayalipiwi nauli tangu 2017. Angalia tu ratiba mapema, hasa ya Jumapili. Damvix ni pazuri, nyumba zimepangana ukingoni mwa mto wenyewe, lakini pako mkoa mwingine, Vendée, nje ya mtandao huo wa mabasi. Kwa mwenye gari ningesema vingine.

Halafu jambo moja ambalo matangazo hayalisemi. Vinamasi ni viwili. Upande wa bahari kuna kile kilichokaushwa: matuta ya kuzuia maji, ngano, mahindi, jua kali, kivuli hakuna. Hicho ukikipita kwa treni kwenda La Rochelle utashangaa watu wanasifia nini. Kinachosifiwa ni cha upande wa juu wa mto, kinamasi chenye maji, wanachokiita Venise Verte, yaani Venisi ya Kijani. Kazi yake wakati wa baridi ni kupokea maji ya mto unapofurika, malisho yote yanazama. Mwezi wa sita maji yameshuka na majani yamefunga juu ya mifereji. Umechagua wakati mzuri.

Mama_Neema_Nantes
Nampinga kasia_mbili kidogo, anisamehe. Coulon ni kijiji kizuri, ila Julai na Agosti pale gatini ni foleni. Boti zinafuatana, kiongozi wa mbele anasimulia kisa na wa nyuma anakirudia hichohicho. Arçais ni padogo, pana bandari ya zamani chini ya ngome, mawe yameteremka hadi majini, na ukitoka tu unaingia kwenye mifereji myembamba. Sisi huwa tunakodi baiskeli hapo, kwani njia ni tambarare mpaka unachoka na utambarare. Njia ya La Vélo Francette inayotoka Normandie inapita kinamasini kwenda La Rochelle.

Lakini kwa mama mwenye magoti na bila gari… haya, Juni Coulon inavumilika. Nendeni siku ya kazi, asubuhi.

Bin_Masoud
Kuhusu kuongozwa au kujiendesha: fanyeni vyote, ila muanze na kiongozi.

Boti zao ni bapa, hazina mkuku, zinateleza juu ya maji ya kina kifupi. Anayeendesha anakaa au kusimama nyuma na upondo mrefu (wao wanauita pigouille) au kasia moja pana. Ukiangalia unaona ni kazi rahisi. Ukishika mwenyewe, boti inazunguka kama tiara iliyokatika uzi. Watoto watacheka, bi mkubwa atakupa maelekezo kutoka mbele, utajuta. Na Sèvre ni mto wa pole kweli, mkondo huusikii, lakini ni mpana na upepo ukija wa magharibi unakusukumia ubavuni kwenye matete. Wageni wakae kwenye mifereji ya ndani. Vibao vya njia vipo na mkodishaji anatoa ramani, ila baadhi ya mifereji ni mfuko: inakwisha kwenye malisho ya mtu, na ng'ombe wanakutazama ukijaribu kugeuza.

Faida nyingine ya kiongozi ni moto. Majani yanaoza chini miaka na miaka, gesi ya methani inajikusanya kwenye matope. Kiongozi anachomeka upondo, anakoroga, mapovu yanapanda, anawasha kiberiti karibu na maji. Vuu! Mwali unatambaa juu ya maji sekunde chache, kisha unakufa. Watoto wako hawatazungumza kingine hadi Créteil.

Onyo kwa hao watoto: joto likizidi, kigugu kidogo cha kijani kinaelea na kufunika maji yote, jani moja ni dogo kuliko punje ya mchele. Mtoto anaona uwanja wa nyasi. Jaketi la kuokolea wavalishwe kabla hawajafika ukingoni, msingoje mpaka ndani ya boti.

Mtanga_wa_Créteil
Ahsante sana Bin_Masoud, kuhusu maelekezo kutoka mbele umemjua mama yangu bila kuonana naye. Na viti vikoje? Mtu mzima anashukaje?

kasia_mbili
Ni mabenchi ya mbao, mengi hayana pa kuegemea, na unakaa chini. Beba mto wa kiti. Kushuka inategemea gati: mengine yana ngazi, mengine ni mteremko wa mawe boti inaposogezwa kabisa. Piga simu kabla, waambie kuna mtu mzima, watakwambia ukweli. Chukua mzunguko mfupi wa saa moja hivi, ule mrefu uache.

Dereva_wa_Lille
Niseme la shemeji, maana hapa hana wakili. Amiens ni zaidi kidogo tu ya saa moja kutoka stesheni ya Gare du Nord, Paris. Hortillonnages ziko mjini kabisa, ukitoka unaliona kanisa kuu. Ni bustani za mboga kwenye visiwa vidogo vya Mto Somme, kama hekta 300, na boti za kutembeza wageni zina mota ya umeme. Anayetaka kuona mashamba ataona maua, vibanda vya wikendi na bustani chache ambazo bado zinauza mboga. Asubuhi unakwenda, jioni umelala kwako.

Na kuna pa tatu ambapo hampataji: Saint-Omer, huku kwetu kaskazini, kwenye Mto Aa. Huko kilimo cha mboga ndani ya kinamasi bado ni riziki, koliflawa zake zina jina, na zipo nyumba ambazo mtu wa posta anazifikia kwa boti. UNESCO waliiweka kwenye hifadhi za baiolojia mwaka 2013. Mimi ningempeleka mama huko kuliko kote.

Mama_Neema_Nantes
Saint-Omer nakubali kwa mashamba. Ila miti hakuna kama ya Poitou. Ile miti ya frêne iliyokatwa vichwa, mizizi yake ndiyo inayoshika kingo za mifereji zisimomonyoke. Sasa kuna ugonjwa wa kuvu unaiua, kwa hiyo anayetaka kuiona asichelewe.

Mzee_wa_Marans
Mmesahau kwamba pote hapo palikuwa bahari. Ghuba ilijaa tope, Maillezais na Marans vilikuwa visiwa. Watawa wa abasia tano walichimba mfereji wao mwaka 1217, baadaye Mfalme Henri IV akaleta wataalamu kutoka Uholanzi. Kila kizazi kinagombana nani apate maji na nani ayatoe. Kinamasi chenyewe kilivuliwa hadhi ya hifadhi ya asili ya kanda miaka ya 1990 kwa sababu malisho yaligeuzwa mashamba ya mahindi, kikarudishiwa 2014. Na mabwawa ya umwagiliaji yaliyoleta vurugu kijijini Sainte-Soline mwezi Machi 2023, hayako mbali na hapo. Wakulima wanasema wanavuta maji ya ardhini wakati wa baridi ili wasiyaguse kiangazi. Wapinzani wanasema kinamasi ndicho kitakacholipa. Ukiwa gatini usianzishe hiyo mada kama unataka boti yako ifike.

Mtanga_wa_Créteil
Mzee, nitafunga mdomo. Nimeamua: tutalala Coulon usiku mbili, boti ya kiongozi siku ya kwanza, ya pili tunakodi wenyewe asubuhi kabla ya upepo. Amiens tutakwenda wikendi inayofuata, nimeshamwahidi mke wangu. Saint-Omer namwekea Dereva deni. Chakula je? Bi mkubwa hali chura wala konokono, msianze.

Mama_Neema_Nantes
Aulizie mojhettes, maharage meupe yanayopikwa taratibu, ila mwambie mpishi asitie nyama ya nguruwe, maana mara nyingi huwamo. Mkunga wa mtoni upo pia. Na mnunulie pipi za angelica za Niort, ni shina la mmea lililokolezwa sukari, kijani kibichi. Dawa ya mbu usisahau.