Naombeni ushauri: wayo gani wa mguu bandia unafaa kwa mtu wa mazoezi?

miguu_njiani: Wakuu habarini. Nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti, huu mwaka wa pili, nina kilo 78. Wayo niliopewa mwanzo ni ule wa kisigino cha sponji, kifundo hakikunji kabisa, kutembea poa tu ila nikijaribu kukimbia ni kama nimefungwa gogo, ukikanyaga unazama basi, haurudishi kitu. Nataka kukimbia asubuhi na wikiendi kupanda milima. Nimeona zile bledi za kaboni, vile vyuma vilivyopinda vya wanariadha ila si chuma, nizifuate moja kwa moja au? Sitaki miguu miwili, nataka mmoja wa kila kitu.

Nyota77: Huo mmoja wa kila kitu haupo ndugu yangu. Bledi haina kisigino. Mimi siku moja nilisimama nayo kwenye foleni dakika 20, nadundadunda pale kama mtu aliyebanwa mkojo, watu wananiangalia. Kukimbia ni tamu mno, hapo sikudanganyi, ila ukimaliza mbio unaivua.

fundi_viungo: Nawatengenezea watu hivi vitu, ngoja niseme. Bledi aliibuni Van Phillips, Mmarekani aliyekatika mguu mwenyewe mwaka 1976, umbo akaliangalia kwenye mguu wa nyuma wa duma, kwahiyo ni ya mbio tu. Kwa mlima na shughuli za kila siku omba wayo wa kaboni wenye kisigino, uliopasuliwa katikati upande wa vidole, ukikanyaga jiwe upande mmoja unajikunja mwingine unabaki chini. Halafu kaboni ina madaraja ya ugumu, yanapangwa kwa uzito wako na unavyoutumia. Ukibeba begi zito mlimani sema mapema, ukinenepa rudi upimwe. Laini sana unazama, ngumu sana unatembea juu ya ubao. Tena bledi inataka nafasi ndefu kati ya kigutu na sakafu, wengine hawana.

Mama Pacha: Mbona hamna anayemuuliza soketi, kile kikombe kigutu kinapoingia?? Kaka yangu, wayo hata uwe wa dhahabu, soketi ikicheza utatoka malengelenge, utakaa wiki nzima na magongo. Kigutu changu mimi jioni kinakuwa kimepungua, natembea na soksi za akiba kwenye mkoba naongeza moja moja hadi ibane. Na jasho je, laina, ile soksi laini ya ndani inayokaa kati ya kigutu na soketi, ikiteleza katikati ya mbio? Simama, vua, futa, vaa upya, usione aibu.

miguu_njiani: Dada umenigusa penyewe. Leo nimerukaruka sebuleni nimeshika ukuta, soketi inapanda na kushuka na sauti inatoa kama mtu anapiga busu 😂 Basi soketi kwanza, halafu huo wa kaboni wenye kisigino, bledi tutaongea mwakani. Swali la mwisho, raba zangu za mbio kisigino kimeinuka kuliko viatu vya kila siku, inasumbua?

fundi_viungo: Sana tu. Wayo unapangwa kwa kimo fulani cha kisigino, ukivaa kirefu zaidi unasukumwa mbele goti linataka kukunja. Hizo raba njoo nazo siku ya kupimwa, na vile vya kila siku pia, na kabla hujakubali uombe kuujaribu wayo kwenye mteremko, sio pale sakafuni kwa fundi tu.